Chai Baridi ya Nyumbani: Yanayobadilika na Yasiyobadilika Chai Inapopozwa

Kata ya Itaka, iliyomo katika Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, ni nchi ya kahawa. Mashamba ya chai yaliyo karibu nayo zaidi yako Rungwe, ng'ambo ya jiji la Mbeya. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje, na kinywaji cha kila siku cha nyumbani hubaki kuwa chai. Kwa desturi chai hiyo hunywewa ikiwa ya moto. Chai baridi, yaani chai ya rangi iliyopozwa na kutiwa limau, pengine na vipande vya barafu, ni kinywaji rahisi kutengeneza, na mara nyingi hupendekezwa kwa mtu anayetaka kuacha soda. Pendekezo hilo ni jema kwa masharti. Kupoza chai hubadilisha hatari zinazohusiana na joto, maji na sukari, lakini hakubadilishi kilichomo ndani ya jani lenyewe. Mhudumu wa afya anayetoa ushauri juu ya kinywaji hiki anapaswa kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Matayarisho yake ni mepesi. Kwa lita moja ya chai, nusu lita ya maji huchemshwa, kisha huepuliwa na kutiwa vijiko vinne vya chai vya majani, na sufuria hufunikwa kwa dakika tatu hadi tano. Majani hayana haja ya kutokota jikoni kwa muda mrefu. Kadiri yanavyokaa motoni ndivyo yanavyotoa ukakasi mwingi zaidi, na ukakasi huo huonekana zaidi chai ikiwa baridi. Baada ya kuchujwa, chai huongezwa nusu lita ya maji mengine yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa. Sufuria iliyofunikwa huwekwa ndani ya beseni la maji baridi mpaka ipoe, ndipo chai humiminwa katika chombo safi chenye kifuniko. Mchaichai au tangawizi vinaweza kuchemshwa pamoja na maji tangu mwanzo. Chai ikipoa haraka mno huweza kufanya ukungu. Hiyo si dalili ya kuharibika, bali ni kafeini na viambata vingine vya chai vinavyoshikana kwa sababu ya baridi.

Sehemu yenye hatari kubwa kuliko zote ni maji. Chai ya moto ina ulinzi wake: aliyeipika amelazimika kuchemsha maji, hata kama hakuwa na nia ya kuyatibu. Chai baridi huuvunja ulinzi huo pale mtu anapoiongezea maji ya kisima yasiyochemshwa ili ipoe upesi, au anapotia barafu asiyojua ilikotoka. Baridi ya jokofu haiui vijidudu kama moto unavyoviua. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo wanaweza kubaki hai ndani ya barafu, na barafu inapoyeyuka ndani ya glasi huwaachia wakiwa tayari kuambukiza. Katika mlipuko wa kipindupindu ulioikumba Peru mwaka 1991, uchunguzi uliofanyika katika mji wa Piura ulivitaja vinywaji vya mitaani, hasa vilivyotiwa barafu, miongoni mwa njia za maambukizi.

Kwa wakazi wa Songwe jambo hili si la mbali. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania, na Zambia, inayopakana na mkoa huu pale Tunduma, ilipata mlipuko mkubwa kuanzia Oktoba 2023. Barabara kuu inayopita Tunduma husafirisha watu na mizigo kila siku, na magonjwa ya kuhara husafiri pamoja na watu.

Swali moja huzuka katika maeneo ya miinuko. Sehemu kubwa ya nyanda za Mbozi iko kati ya mita 1,400 na 1,700 juu ya usawa wa bahari, na penye mita 1,500 maji huchemka yakifikia nyuzi 95 hivi badala ya 100. Je, nyuzi hizo zinatosha? Zinatosha. Vijidudu vinavyosababisha kuhara hufa katika joto lililo chini ya hapo, mradi maji yatokote kwa nguvu kwa dakika moja nzima. Makosa hutokea baadaye: maji yaliyochemshwa humiminwa katika ndoo isiyooshwa, au mkono wenye kikombe huzamishwa ndani yake. Ndoo yenye koki na kifuniko huondoa tatizo hilo. Vivyo hivyo, barafu salama ni ile iliyogandishwa nyumbani kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, katika chombo kilichofunikwa. Asiye na jokofu hana cha kujutia, kwani mtungi wa udongo huyapoza maji vya kutosha kwa njia ya mvuke unaotoka katika kuta zake, na usiku wa Juni na Julai katika nyanda hizi huipoza chai bila msaada wowote.

Wapo pia wanaoloweka majani ya chai katika maji yasiyochemshwa na kuyaanika juani. Njia hiyo isitumike. Jua huyapasha maji joto la kustawisha bakteria, si la kuwaua. Chai iliyopozwa isiyo na maziwa ihifadhiwe katika jokofu na imalizike ndani ya siku moja. Pasipo jokofu, itengenezwe ya kutosha kunywewa ndani ya saa chache. Aliyekwisha kupata ugonjwa wa kuhara asipewe chai yenye sukari nyingi kama badala ya ORS, kwa maana sukari nyingi huweza kuvuta maji zaidi kuingia katika utumbo na kuzidisha hali.

Upande wa faida, ubaridi wenyewe una jambo la kusifiwa. Mwezi Juni 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, yaani vinavyozidi nyuzi 65, huenda husababisha saratani ya umio, ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani hiyo hupatikana kwa wingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika unaoshuka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na Tanzania imo. Watafiti waliopima joto la chai mkoani Kilimanjaro, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015, walikuta watu wakianza kuinywa ikiwa na zaidi ya nyuzi 70 kwa wastani. Ni vema ieleweke kwamba kinacholaumiwa hapa ni moto, wala si chai. Anayependa chai yake ya kawaida hana haja ya kutafuta barafu. Kuiacha kikombeni kwa dakika kadhaa kunatosha.

Faida hiyo hupotea kwa urahisi katika sukari. Ulimi huonja utamu kwa udhaifu zaidi kinywaji kikiwa baridi, hivyo mtu aliyezoea vijiko viwili katika chai ya moto hujikuta akitia vinne ili apate utamu uleule. Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa jambo. Robo kilo ya sukari ikitiwa katika jagi la lita mbili, kila glasi ya mililita 250 itakuwa na gramu 31 hivi. Kiasi hicho kinazidi sukari iliyomo katika glasi ya namna hiyo ya soda nyingi za kola. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na unaona manufaa zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 25. Basi aliyeacha soda kwa ajili ya chai ya namna hii amebadilisha rangi ya kinywaji tu. Njia nzuri ni kutia sukari kidogo chai ikiwa bado vuguvugu, ipate kuyeyuka yote, na kuliachia limau kazi iliyobaki. Mgonjwa wa kisukari anaweza kunywa chai baridi isiyo na sukari bila wasiwasi. Lakini anayetumia insulini akumbuke kwamba chai hiyo haitamsaidia sukari yake ya damu ikishuka ghafla.

Juu ya figo yatosha kusema machache. Chai ya rangi ina oksalati, chumvi inayoweza kuganda na kuwa mawe. Mwaka 2015 madaktari wa Arkansas, Marekani, waliripoti habari za mwanamume ambaye figo zake zilishindwa kufanya kazi baada ya kunywa glasi 16 za chai baridi kila siku. Glasi mbili au tatu hazimfikishi mtu mwenye afya huko, ila aliyewahi kupata mawe ya figo anywe maji zaidi na chai kidogo.

Lisilobadilika hata kidogo chai inapopozwa ni uhusiano wake na damu. Tanini na viambata vingine vya jamii ya polifenoli hushikana na madini chuma ndani ya utumbo, na madini hayo hupita bila kufyonzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la lishe la Uingereza ulionyesha kwamba chai ya rangi iliyonywewa pamoja na mkate ilipunguza ufyonzwaji wa madini chuma kwa zaidi ya robo tatu, na kwamba kuongeza maziwa hakukusaidia sana. Madini chuma ya nyama huathirika kidogo. Yanayoathirika ni yale ya maharage, nafaka na mboga za majani, yaani chakula cha kila siku cha kaya nyingi za Mbozi. Limau hupunguza athari hiyo kwa kiasi, bila kuiondoa.

Hapa ndipo chai baridi inapohitaji uangalifu kuliko ya moto. Chai ya moto huwa ya asubuhi. Ile baridi huitwa mezani mchana, pamoja na ugali na maharage, wakati ambao mwili ungepata madini yake. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015 hadi 2016 zilionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Kwa hao, na kwa wajawazito hasa, chai inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula, na mezani pawepo maji au maji ya matunda halisi. Watoto wadogo wasipewe chai kabisa, iwe ya moto au baridi, kwa kuwa hujaza tumbo dogo bila kulilisha.

Vidonge vya madini chuma na foliki asidi, ambavyo wengi huviita vidonge vya kuongeza damu, vimezwe kwa maji. Vikimezwa kwa chai, sehemu ya dawa hupotea bila mtu kujua. Mama anayehudhuria kliniki kila mwezi, anayechukua vidonge vyake na kuvimaliza, lakini kipimo chake cha damu hakipandi, apimwe malaria na minyoo kama ilivyo kawaida; kisha aulizwe, kwa upole na bila kulaumiwa, vidonge hivyo huvimeza saa ngapi na kwa kinywaji gani.