Chumvi na Magadi Katika Maji ya Kupikia

Leo tuko jikoni.

Chukua vikombe vitatu vya chai ya strungi. Cha kwanza tia chumvi kidogo, cha pili magadi kidogo, cha tatu matone ya limau. Cha chumvi hakibadiliki rangi. Cha magadi kinazidi kuwa cheusi. Cha limau kinapauka. Kwa nini? Limau huongeza asidi majini. Magadi, ambayo pia ni aina ya chumvi, huondoa asidi na kuyafanya maji yawe ya alkali. Chumvi ya mezani huyeyuka tu. Asidi haipandi wala haishuki.

Maji ya alkali hulainisha maharagwe upesi, ndiyo maana wengi wetu hutia magadi kwenye githeri. Munyu unaochujwa kutoka kwa majivu hufanya vivyo hivyo kwa kunde na mrenda. Lakini alkali hiyo hiyo huharibu vitamini C na vitamini B1 zilizomo katika chakula. Tena magadi yana sodiamu, isiyomfaa mtu mwenye presha, na madini ya floraidi. Floraidi ikizidi, meno ya mtoto huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki.

Basi ufanye nini? Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha uyapike kwa maji mengine. Nyanya na limau tia yakishalainika, kwa maana asidi huyachelewesha kuiva. Mboga osha kabla ya kukata, na uzipike kwa muda mfupi.

Mama, mtoto akihara au akijaa gesi tumboni, usimpe maji ya magadi hata kidogo. Anayehara mpe ORS, ukipima maji safi kama pakiti inavyoeleza. Aendelee kunyonya, nawe umpeleke kliniki apewe pia zinki. Ukiona macho yamezama, ananyong'onyea, hawezi kunywa, au choo kina damu, usingoje kesho. Mkimbize hospitali.

Una swali? Muulize muuguzi au mhudumu wa afya wa kijijini kwako. Na jirani ambaye hakusikia, mweleze. Hadi wiki ijayo, kwaheri.