Samaki wapata maji safi, na mtoto je?

JE, msomaji, maji unayomchanganyia mtoto wako maziwa yanatoka wapi? Swali hili nilimuuliza baba mmoja aliyeniletea mtoto wa miezi minne katika kliniki, huku Pwani. Mtoto alikuwa ameharisha kwa siku mbili. Midomo ilikuwa imekauka, alilia kwa sauti nyembamba na kuivuta chupa kwa pupa. Mama yake alikuwa amerejea kazini, kwa hivyo akawa anapewa maziwa ya kopo. Maji yalitoka katika kisima cha pale nyumbani, na yalichemshwa kila asubuhi.

“Kisima kina chumvi?” nikauliza.

“Kidogo tu, daktari. Sisi tumekwisha kuizoea.”

Katika mazungumzo alinieleza kwamba alikuwa akifuga samaki wa bahari ndani ya tangi la kioo sebuleni. Kwa ajili ya samaki hao alikuwa amenunua mtambo wa kusafisha maji ya kisima hicho hicho, kwani bila huo wangekufa. Hakuwa mzazi mzembe. Aliamini, kama wengi wetu, kwamba maji yakichemka basi yako salama. Mtoto alilazwa, akatibiwa na akapona. Lakini si kila mtoto hufikishwa hospitalini mapema.

Kuchemsha hakuondoi chumvi

Kuchemsha maji huua viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengine ya kuharisha. Dawa ya klorini nayo huua viini vingi. Hata hivyo, chumvi, floridi na naitreti hazitoki kwa moto wala kwa klorini. Mvuke hupaa, chumvi hubaki sufuriani. Hivyo, maji yakichemka kwa muda mrefu, kila kikombe huwa na chumvi zaidi kuliko mwanzo.

Figo za mtoto mchanga hazijakomaa kiasi cha kutoa chumvi nyingi. Ikizidi katika damu, huvuta maji kutoka katika chembe za mwili, zikiwemo za ubongo, na mtoto anaweza kushikwa na degedege. Akiwa anaharisha, hatari huongezeka. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea: huchanganya dawa ya ORS kwa maji ya kisima cha chumvi. Pakiti ile tayari imepimwa chumvi yake. Ichanganye kwa maji matamu yaliyo salama, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake.

Watu wazima nao wasijidanganye. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Mwenye presha au ugonjwa wa figo anayejinyima chumvi mezani, kisha akanywa maji ya chumvi kutwa, anajisumbua bure.

Naitreti huingia kisimani kutoka vyooni na kwenye mbolea. Ikizidi miligramu 50 kwa lita, hudhoofisha uwezo wa damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni, na midomo yake huweza kugeuka rangi ya samawati. Ndiyo sababu kisima hushauriwa kiwe angalau mita 30 kutoka chooni.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Mtambo huo, ambao wauzaji wengi huuita R.O., husukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno. Maji hupita, chumvi nyingi hubaki nyuma na kumwagwa. Utando wa kwanza uliofaa kwa kazi hii ulitengenezwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, karibu mwaka 1960.

Mfugaji wa samaki wa bahari huuhitaji kwa sababu anataka maji yasiyo na kitu, ili atie mwenyewe chumvi maalum hadi kiasi cha gramu 35 kwa lita, kama ilivyo baharini. Nyumba yenye kisima cha chumvi inaweza kunufaika kwa mtambo huo huo, ukifungwa ipasavyo.

Kwanza, pima maji. Afisa wa afya ya umma wa eneo lako atakuelekeza kwenye maabara. Omba yapimwe viini, jumla ya chumvi, naitreti na floridi.

Pili, hakikisha kuna shinikizo la kutosha. Mitambo ya nyumbani huhitaji shinikizo la baa 3 hadi 4, ilhali tangi lililoinuliwa mita 10 hutoa baa 1 tu. Kwa nyumba nyingi zinazotegemea tangi la juu ya paa, pampu ndogo ni lazima.

Tatu, fuata mpangilio. Maji yaanze kwa chujio la mchanga na tope, kisha chujio la mkaa maalum, ndipo yafike kwenye utando. Mkaa huondoa klorini, ambayo huharibu utando. Ukiwa hutia klorini kisimani, usilipuuze chujio hili.

Nne, mwaga maji ya kwanza yatokayo katika mtambo mpya, kama kijitabu chake kinavyoagiza.

Tano, nunua kipimo kidogo cha chumvi cha mkononi. Pima maji yanayoingia na yanayotoka. Utando mzima huondoa zaidi ya asilimia 90. Ikiwa yanaingia yakiwa 1,500, yatoke chini ya 150. Tarakimu ikianza kupanda, wakati wa kubadilisha utando umewadia.

Jua pia kwamba kwa kila lita 1 safi, lita 3 au 4 huweza kumwagwa. Tumia maji hayo chooni au kupigia deki, lakini si shambani, kwani yana chumvi zaidi. Na usijaribu kusafisha maji ya bahari kwa mtambo huu, kwani hauna nguvu hiyo.

Tahadhari za kiafya

Mitambo ya wafuga samaki huwa na chujio la mwisho la chembechembe za kunyonya madini yaliyosalia. Hilo halikukusudiwa maji ya kunywa. Mwambie fundi aweke mfereji wa jikoni kabla ya chujio hilo, kwa mipira iliyotengenezewa maji ya kunywa.

Maji haya hayana klorini, kwa hivyo viini vikiingia huzaana. Yaweke katika chombo chenye kifuniko na mfereji, ukioshe mara kwa mara. Kwa maziwa ya kopo, bado yachemshe, kisha changanya unga yakiwa na joto lisilopungua nyuzi 70, na uyapoze kabla ya kumpa mtoto.

Ndoo za samaki zisiingie jikoni. Usivute maji ya tangi kwa mdomo kupitia mpira, wala usitie humo mkono wenye kidonda. Kuna viini vya majini vinavyoleta vidonda sugu vya ngozi.

Je, kama huna uwezo wa kununua mtambo? Kinga maji ya mvua baada ya kuacha ya mwanzo yaoshe paa, au tumia maji matamu ya mfereji, kisha uyachemshe. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, maziwa ya mama pekee yanatosha. Mama anayefanya kazi anaweza kuyakamua na kuyaweka kwenye friji, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea.

Yule baba alirudi baada ya wiki mbili. Alikuwa ameongeza mfereji mmoja tu, wa jikoni. Wewe nawe, leo jioni, onja maji ya kisima chako kama mgeni anayeyaonja kwa mara ya kwanza. Ukihisi chumvi, usimpe mtoto.