MPIRA KIFUANI: NGUVU NI ZA NANI?



Siku moja kijana alifika hospitalini kwetu kuomba bandeji ya mpira. Tulimwuliza ameumia wapi. Akajibu, "Sijaumia, mama. Nataka kujifunga mikononi ninyanyue vyuma vizito zaidi." Swali lake linawahusu vijana wengi, ndiyo maana tunalijibu hapa.

Hapa Ifakara na katika vijiji vya bonde la Kilombero, wako vijana wanaojenga mwili uani kwa bomba la chuma, makopo mawili yaliyojazwa zege na benchi la mbao. Mtu hulala chali, hushusha chuma mpaka kifuani, kisha hukisukuma juu. Wengine hukata mpira wa ndani wa gurudumu na kuuvaa kwenye mikono yote miwili, karibu na viwiko, ukapita mbele ya kifua. Ng'ambo vifaa vya namna hiyo huuzwa madukani, pamoja na mashati magumu ya kubana.

Je, vinasaidia? Ndiyo. Mwaka 2021 Mmarekani Julius Maddox alisukuma kilo 355 bila shati la namna hiyo. Mwaka 2023 mwenzake Jimmy Kolb, akiwa amelivaa, alisukuma kilo 635. Tofauti hiyo haikutoka mikononi peke yake.

Mpira hufanya kazi kama manati. Chuma kinaposhuka, mpira huvutika. Unapoanza kusukuma, hujirudi na kukusaidia. Lakini mikono inavyozidi kunyooka, mpira hulegea. Tuseme chuma ni kilo 60 na mpira unabeba kilo 15. Kifuani utasukuma kilo 45. Juu kabisa utabaki na kilo 60 zote. Hapo juu viganja, viwiko na mabega havikupunguziwa kitu.

Kwa aliyezoea, mpira humpa nafasi ya kuzoeza mikono uzito mkubwa kidogo, na hupunguza mvuto wa bega chuma kikiwa chini. Kwa anayeanza, humdanganya. Misuli hupata nguvu mapema, lakini kano zinazoishikiza kwenye mifupa huchelewa. Tena mpira wa kienyeji unaweza kukatika ghafla, na makopo ya zege hayachomoki ili mtu ajiokoe. Chuma kikimwangukia kifuani au shingoni, anaweza kufa.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Usisukume chuma ukiwa peke yako. Mwenzako asimame kichwani pako, tayari kukipokea.
2. Zungusha kidole gumba kwenye bomba, lisiteleze.
3. Jifunze kwanza bila mpira kwa miezi kadhaa. Ongeza uzito kidogo kidogo.
4. Kagua mpira kila mara. Wenye ufa utupwe.
5. Bandeji ya kiganja au kiwiko ifunguliwe kila unapopumzika. Vidole vikifa ganzi, vikipoa au kubadilika rangi, ifungue mara moja.
6. Usifunge mpira ili kuficha maumivu. Bega linalouma linahitaji kupumzishwa.
7. Pumzisha misuli hiyo siku moja au mbili kabla ya kurudia. Kula maharage, dagaa na samaki pamoja na wali wako.

Ukisikia kitu kimekatika ndani, kisha kifua au kwapa likavimba na kuwa jeusi, njoo hospitali siku hiyo hiyo. Musuli uliochanika ukicheleweshwa ni vigumu kuurudisha. Aliyeangukiwa na chuma kifuani au shingoni aletwe bila kusubiri, hasa akipumua kwa shida au sauti yake ikibadilika.

Yule kijana hatukumpa bandeji. Tulimwuliza ananyanyua na nani. Alinyamaza kidogo, akasema, "Peke yangu, usiku, baada ya kutoka shambani." Tukamwambia atafute kwanza mwenzake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha nguvu zako mwenyewe hakikatiki kama mpira.