Kabla Kundi Lenu Halijaenda Hell's Gate

Ndugu wanavikundi, wengi wenu mnapomaliza mwaka mnapenda kufunga safari. Mmechanga, mmeuza miche, mmefyatua matofali, na sasa wanachama wanasema, "Hebu na sisi tutoke kidogo." Ni jambo jema. Leo tueleze habari za Hell's Gate, ile mbuga ya Naivasha yenye mawe ya ajabu.

Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1984. Ni ndogo, kama kilomita 68 za mraba, na ni moja kati ya chache za Kenya ambapo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli karibu na pundamilia na twiga.

Ndani mtaona mwamba umesimama peke yake kama nguzo, karibu mita 25 kwenda juu. Unaitwa Fischer's Tower. Wamaasai husimulia kwamba ni msichana aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, akageuka kutazama nyumbani, akawa jiwe. Wataalamu nao wanasema hivi: zamani mawe yaliyoyeyuka yalipanda ndani ya koo la volkano, yakapoa na kuwa magumu. Mawe laini yaliyoyazunguka yakaliwa na mvua na upepo, yale magumu yakabaki. Sisi hapa hatushangai. Nani hajui kwamba jiwe la Tabaka huchongwa kwa panga na kisu, lakini mawe mengine hukataa hata nyundo?

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Katika mbuga hiyo kuna korongo, yaani bonde jembamba lenye kuta ndefu, liitwalo Ol Njorowa. Lilichimbwa na maji ya ziwa la kale, lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo. Ni mahali pazuri, tena chemchemi za maji moto hutoka ukutani. Lakini maji hayajasahau njia yake. Mvua ikinyesha vilimani mbali, maji hukimbilia humo. Nyinyi mko chini, jua linawaka, hamna habari, na kwa dakika chache mafuriko yamefika. Kuta hazipandiki. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walikufa humo. Septemba 2019 watalii wengine walisombwa wakafa.

Kwa hivyo, kabla ya kukodi gari, kubalianeni haya:

1. Chagueni wakati wa kiangazi. Msiende Aprili eti kwa sababu shule zimefungwa.
2. Waulizeni askari wa KWS langoni kama korongo liko wazi. Wakisema hapana, msibishane wala msitafute njia ya panya.
3. Mkiruhusiwa, ingieni na kiongozi anayejua mahali pa kutokea.
4. Katibu ahesabu watu wakiingia na wakitoka.
5. Mkiona wingu vilimani, au maji yakigeuka tope, tokeni mara moja, hata kama mwenyekiti bado anapiga picha.

Mtu asiseme, "Tumelipa, lazima tuingie." Miamba ile mirefu mtaiona vizuri bila kushuka korongoni. Pesa ya kiingilio tunaweza kuichanga tena mwaka ujao. Mtoto wa mwenzetu hatuwezi kumchanga.