MAZOEZI YA VIUNGO NA MIONZI YA JUA: SIMU INAYOHESABU HATUA ISAIDIE PIA KUCHAGUA SAA

Katika miaka ya karibuni mazoezi ya viungo yameenea Unguja na Pemba kwa kiasi cha kutia moyo. Vikundi vya mazoezi vimeanzishwa mijini na mashamba, na kila ifikapo Januari Mosi wanachama wake hukusanyika kwa matembezi ya pamoja. Wengi wao, wakiwemo watumishi wa Serikali, hubeba simu au huvaa saa za mkononi zenye programu za kuhesabu hatua, masafa na mapigo ya moyo. Makala haya yanaeleza jambo ambalo programu hizo zinaweza kulisaidia lakini bado halijazingatiwa ipasavyo, nalo ni saa ya kufanyia mazoezi ili mwili usidhuriwe na mionzi ya jua.

Jua hutoa nuru, joto, na aina ya tatu ya mionzi isiyoonekana wala kuhisiwa, iitwayo urujuanimno. Hiyo ndiyo inayounguza ngozi, kuizeesha, kuharibu macho na, kwa muda mrefu, kusababisha saratani ya ngozi. Kosa la watu wengi ni kuipima kwa joto. Joto hubadilika kwa upepo na unyevunyevu, na aghalabu huendelea kupanda hata baada ya jua kupita utosi. Mionzi hufuata kimo cha jua angani. Ndiyo maana mtu anayekimbia mwezi wa Julai, kusi ikimpuliza, huona jua ni pole, ilhali ngozi yake inapokea mionzi mikali.

Zanzibar iko takriban digrii 6 kusini ya Ikweta. Jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba. Kilele chake cha kila siku hakiwi saa sita kamili, kwa kuwa saa zetu hufuata mstari ulio mashariki ya visiwa hivi. Huwa kati ya saa 6:07 mchana, mwanzoni mwa Novemba, na saa 6:37 katikati ya Februari.

Nguvu ya mionzi hutajwa kwa kipimo kilichobuniwa nchini Canada mwaka 1992 na kukubaliwa mwaka 1994 na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Katika simu huonekana kwa herufi UV zikifuatiwa na namba. Namba 0 hadi 2 ni ndogo, 3 hadi 5 ni ya wastani, 6 na 7 ni kubwa, 8 hadi 10 ni kubwa sana, na 11 kwenda juu ni ya kupita kiasi. Kinga hushauriwa kuanzia 3. Katika visiwa hivi, mchana wa Machi na Oktoba usio na mawingu, namba hiyo hupita 11. Hata wakati wa kipupwe, kukiwa kweupe, kwa kawaida hufikia 8 au zaidi.

Ifahamike kwamba simu yenyewe, kwa kawaida, haipimi mionzi. Namba inayoonyeshwa ni makadirio yanayotokana na kimo cha jua, hali ya mawingu na tabaka la ozoni juu ya mahali husika. Programu nyingi za hali ya hewa hutoa namba hiyo. Ipo pia ya bure iitwayo SunSmart Global UV, iliyozinduliwa Juni 2022 na mashirika mawili yaliyotajwa pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na ya kazi. Humwonyesha mtumiaji makadirio ya siku tano na saa za kujikinga. Kwa upande mwingine, programu ya mazoezi huweka kumbukumbu ya saa ambayo mtu alianza na kumaliza. Anayetaka kujua hali yake afungue kumbukumbu za wiki mbili zilizopita, aziweke kando ya saa za mionzi mikali, na atajionea mwenyewe dakika ngapi alizotumia humo bila ya kofia wala kivuli. Kisha abadilishe saa ya kengele ya kumkumbusha mazoezi.

Hapa pana jambo linalohitaji tahadhari. Programu hizi humhimiza mtu atimize idadi ya hatua, mara nyingi 10,000, na hutuma ujumbe pindi anapobakisha. Wako wanaotoka wakati wa mapumziko ya mchana kwenda kuzunguka ili tu namba ikamilike. Idadi hiyo haikutokana na uchunguzi wa madaktari. Ilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, nazo zinapatikana vizuri alfajiri au jioni. Ujumbe wa simu wa saa saba mchana unaweza kupuuzwa bila ya hasara yoyote.

Kwa hesabu ya kimo cha jua letu, kabla ya saa 2:00 asubuhi na baada ya saa 10:30 jioni mionzi kwa kawaida huwa chini ya 3 mwaka mzima. Asiye na simu ya kisasa anacho kipimo cha zamani, nacho ni kivuli chake. Kikiwa kifupi kuliko kimo chake, mionzi ni mikali. Kipimo hiki si kigeni kwa wananchi, kwani wakati wa Alasiri hujulikana kwa kivuli vilevile, na mwezi wa Machi na Oktoba adhana hiyo huingia takriban pale kivuli kinapolingana na mtu. Hata hivyo mionzi haijapoa kabisa wakati huo. Mtumishi anayetoka kazini saa 9:30 alasiri na kwenda moja kwa moja uwanjani mwezi wa Machi hukutana na jua la kiasi cha 5 au 6. Akisali, akapumzika na kungoja kiasi cha saa moja, atacheza kwa salama zaidi.

Wakimbiaji wa pwani, mathalan wa Paje na Jambiani, wana mtihani wao. Mchanga mgumu wa kukimbilia hupatikana maji yakiwa yamekupwa, na wakati wa bamvua maji hukupwa sana karibu na saa nne asubuhi, ambapo jua limeshapanda. Aidha, mchanga mkavu hurudisha juu kiasi cha asilimia 15 ya mionzi na povu la bahari asilimia 25, hivyo uso huunguzwa pia kutoka chini. Siku hizo ni bora kukimbilia barabarani alfajiri na kuiacha pwani mpaka maji mafu, ambapo kupwa huangukia alasiri.

Watu wenye ngozi nyeusi wana kinga zaidi dhidi ya saratani ya ngozi. Macho yao hayana kinga hiyo, na mionzi ni miongoni mwa visababishi vya mtoto wa jicho. Kofia ya kiua, pamoja na heshima yake, haitii kivuli usoni. Kinachofaa ni pama ya ukingo mpana, miwani inayozuia mionzi, na nguo ya mikono mirefu.

Kwa watu wenye ualbino suala hili ni la uhai. Kwao saratani ya ngozi huweza kuanza katika ujana, na ngozi huungua kwa muda mfupi mno. Wasiitegemee namba ya simu kama ruhusa ya kukaa juani. Wavae nguo za kufunika, na sehemu zilizo wazi wapake mafuta ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, wakirejea kila baada ya saa mbili na kila wanapotoka jasho jingi. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikitengeneza mafuta ya aina hiyo kwa ajili yao. Kikundi cha mazoezi chenye mwanachama mwenye ualbino kinapopanga ratiba ya saa tatu asubuhi, kwa hakika kimemtoa bila ya kumtamkia.

Waandaaji wa matamasha nao wanahusika. Matembezi huanza mapema ipasavyo, lakini washiriki hufika uwanjani na kusimama juani hadi saa nne na zaidi wakimsubiri mgeni rasmi na hotuba zake. Mahema huwekwa kwa ajili ya viongozi, na waliotembea hubaki jangwani. Ni vyema hotuba zifupishwe, na kivuli kipatikane kwanza kwa watoto wa skuli.

Watumiaji wa programu za mazoezi wanatanabahishwa pia kuhusu siri zao. Mwezi Januari 2018 ilibainika kwamba ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava ilionyesha njia walizokimbilia askari ndani ya kambi zao katika nchi mbalimbali. Mtumishi anayeanzia mbio mlangoni kwake au kazini afungue mipangilio ya programu na kuficha mahali anapoanzia na anapomalizia.

Mwenye kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, au doa la ngozi linalobadilika umbo au rangi, asingoje. Aende kituo cha afya kilicho karibu naye akaangaliwe, kwani saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema mara nyingi hutibika kwa upasuaji mdogo.