Ngozi ya magome
Ngozi ya magome ni ngozi ya mnyama iliyosindikwa kwa tanini, dawa inayopatikana katika magome ya miti kama mwati, unaopandwa Njombe nchini Tanzania. Hupendwa na wanaoshona mikanda, pochi na ala za visu kwa mkono, kwani ikilowanishwa kidogo hupokea nakshi za kugongwa na kuzihifadhi ikikauka. Ngozi iliyosindikwa kwa kromi ni laini zaidi, lakini nakshi haikai.

Hupakwa rangi kwanza, halafu mafuta, mwisho nta ya nyuki. Mafuta huongeza weusi, na yakizidi ngozi hulegea. Afadhali kujaribu kwenye kipande. Nta hupunguza tu maji kupenya. Ribiti za chuma hazifai: chuma kikikutana na tanini penye unyevu huacha madoa meusi, magumu kuyatoa. Hutumika za shaba.