Tela nyuma ya pikapu: Pima mzigo kabla ya kuwasha gari

Na Mwandishi Wetu

MARA ya kwanza nilipofunga tela nyuma ya pikapu nilikuwa natoka Sikonge kwenda Tabora mjini, na ndoo 30 za asali. Ndoo zote tulizipanga kwenye tela, sehemu ya nyuma karibu na mlango, kwa sababu ndipo palipofikika kwa urahisi. Mbele tuliacha nafasi ya magunia ya karanga tuliyotarajia kununua njiani. Kwenye pikapu yenyewe tuliweka vitu vyepesi vya kambini: hema, magodoro na masufuria.

Barabara ilipoanza kuteremka, tela likaanza kucheza kushoto na kulia. Nikafanya kosa ambalo madereva wengi wageni wa tela hulifanya: nikakanyaga breki kwa nguvu. Likazidi. Mwendesha baiskeli aliyekuwa mbele yetu aliitupa baiskeli yake na kukimbilia porini. Tulisimama kwenye mchanga pembeni mwa barabara, salama. Ilikuwa bahati, si ujuzi.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo, tela lina faida iliyo wazi. Linaongeza nafasi ya mzigo bila kununua gari la pili wala kukodi lori. Lakini tela lililopakiwa vibaya linaweza kupoteza mzigo, gari na roho za watu kwa dakika moja. Jambo la kujifunza kwanza si kuendesha, ni kupima.

Wapagazi walijua uzito

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Kabla ya reli kufika mjini hapa mwaka 1912, bidhaa zilipita mabegani na vichwani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Majora ya nguo na shanga yalifungwa kwa kipimo kabla ya safari, kwa kuwa mzigo uliozidi ungemwangusha mtu porini. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kwa miezi kadhaa akisubiri wapagazi kutoka pwani. Bila watu wa kutosha kwa mizigo iliyopo, safari haikuondoka.

Sisi wenye magari tunakisia tu kwa macho.

Ndoo 30 si kilo 600

Ndoo ya lita 20 ya maji ina kilo 20. Asali ni nzito kuliko maji: ndoo hiyo hiyo ikijaa asali inafika kilo 28 hivi. Kwa hiyo ndoo zangu 30 zilikuwa kilo 840. Ongeza kilo 300 za tela lenyewe, jumla ni kilo 1,140.

Pikapu nyingi za tani moja zimewekewa na watengenezaji kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake. Tela lenye breki huruhusiwa uzito mkubwa zaidi, kutegemea aina ya gari. Soma kitabu cha gari lako. Matela mengi yanayochomelewa mitaani hayana breki, maana yake pikapu peke yake ndiyo inayosimamisha vyote viwili.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Ndoo 15 zingekaa kwenye pikapu, ambazo ni kilo 420, na 15 kwenye tela. Tela lingekuwa na kilo 720 tu. Asali ni ile ile, safari ni moja.

Mzigo ukae wapi

Weka vizito mbele kidogo ya ekseli ya tela na chini kabisa, kisha vyepesi juu na nyuma. Katika kila kilo 10 za mzigo, kilo 6 hivi ziwe mbele ya ekseli. Mkono wa tela unaoshika pikapu unapaswa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Kwa tela la kilo 720, hizo ni kilo 72 hadi 108. Egemeza mkono huo juu ya mizani ya kupimia magunia, tela likiwa limelala sawa, usome.

Ukipungua, tela litayumba. Ukizidi, pikapu itakaa matako chini na magurudumu ya mbele yatakuwa mepesi, usukani usishike vizuri. Hata wasafiri wanaovuta matela ya kulala kupitia Tabora kuelekea Mpanda na Katavi wanabanwa na kanuni hii. Tangi lao la maji la lita 100 ni kilo 100, na mahali lilipofungwa panabadilisha mwenendo wa tela zima.

Kabla ya kuondoka

Hakikisha kifungio kimejifunga na pini yake imeingia. Funga minyororo miwili ya usalama ikipishana chini ya mkono wa tela, ili ukichomoka uangukie kwenye minyororo badala ya barabarani. Jaribu taa za breki na indiketa. Kagua upepo wa tairi, nati za magurudumu na grisi kwenye beringi, na ubebe spea tairi inayoingia kwenye tela. Tela linahitaji usajili na namba yake. Ulizia pia bima, na kama leseni yako inakuruhusu.

Ukiwa barabarani

Nenda taratibu na acha nafasi kubwa mbele yako, kwani kusimama kunachukua muda mrefu. Kwenye kona tanua, la sivyo gurudumu la tela litapanda ukingo au kumgonga anayetembea pembeni. Kabla ya mteremko punguza gia. Tela likianza kuyumba, usikanyage breki na usipigane na usukani. Shika usukani sawasawa, toa mguu kwenye mafuta, gari lipungue lenyewe. Wakati wa masika, udongo mweusi wa mbugani ukilowa, usiingie na tela.

Rivasi jifunzie uwanja wa mpira ukiwa mtupu. Shika usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, tela linakwenda kushoto. Geuza kidogo kidogo. Likikunja, songa mbele ulinyooshe, uanze upya.

Siku hizi ndoo zangu bado ni 30: 15 kwenye pikapu, 15 kwenye tela. Mizani naipakia mwisho.